Pua kwa pua: nani kamkosea nani?

(Hotuba kwa wachezaji wa gemu za vita vya angani, asubuhi ya mashindano ya mmoja kwa mmoja)

Ndugu waandaaji, kaka na dada zangu marubani wa kwenye viti vya plastiki, na wazazi mliokuja kuhakikisha kijana haendi kucheza kamari: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu, na waandaaji wamenibana kweli kweli nisitoke nje ya hapo. Jambo lenyewe ni shambulio la pua kwa pua. Ndege mbili zinakuja zikitazamana, kila rubani kidole kiko kwenye kifyatulio, na mmoja anapiga. Mwenzake anaanguka, au wanaanguka wote wawili. Kinachofuata mnakijua: dirisha la maandishi linajaa. "Mwoga!" "Hujui kuruka!" "Pua kwa pua tena? Huna aibu!" Majibu ya upande wa pili siwezi kuyasoma mbele ya wazazi.

Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko wengi wenu humu ndani. Gemu ya Air Warrior ilianza kuchezwa mtandaoni mwaka 1988, kupitia mtandao wa GEnie huko Marekani, na mchezaji alilipia kwa saa. Sasa fikiria umelipa, umepanda taratibu mpaka mita 5,000, jasho linakutoka, unamwona adui wa kwanza, na ndani ya sekunde nne umerudishwa uwanjani ukaanze upya. Hasira ya mtu huyo naielewa kabisa. Baadaye ikaja WarBirds, ikaja Aces High mwaka 2000, IL-2 Sturmovik mwaka 2001, kisha War Thunder na DCS World. Picha zimekuwa nzuri ajabu. Matusi ni yale yale.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kuninunia aanze sasa. Risasi ya pua kwa pua yenyewe haivunji adabu. Anayevunja adabu ni yule aliyekubali kwamba haitapigwa, kisha akaipiga. Na yuko mwingine ambaye kwangu mimi ni mkosaji vilevile: anayemtukana mwenzake kwa kukiuka sharti ambalo mwenzake hakuwahi kuambiwa.

Tutazame kwanza kinachotokea pale. Ndege mbili za pangaboi, kila moja ikienda kilomita 450 kwa saa. Zikitazamana, zinakaribiana kwa kilomita 900 kwa saa, yaani mita 250 kila sekunde. Ukimwona vizuri akiwa umbali wa kilomita moja, una sekunde nne kabla hamjagongana. Kupiga kutoka kilomita moja ni kupoteza risasi, kwa hiyo unasubiri mita 500. Zimebaki sekunde mbili. Ili mpishane salama lazima uanze kukwepa mkiwa na mita 250 hivi. Ukitoa hesabu, muda wa kulenga na kupiga ni sekunde moja. Katika sekunde hiyo, Focke-Wulf 190, ndege ya kivita ya Wajerumani, yenye mizinga minne ya milimita 20 inaweza kutoa risasi kama 40 za mizinga. Spitfire ya Waingereza iliyo mbele yake ina injini inayopozwa kwa maji, na risasi moja ikipita kwenye mfumo wa kupoza inatosha kuiua injini dakika chache baadaye, hata kama rubani amepona.

Ndiyo maana wakongwe wanaidharau risasi hii. Si kwa sababu ni chafu. Ni kwa sababu mtu aliyejifunza miezi na miezi kupinda, kupanda na kutunza kasi, anajikuta anarusha shilingi hewani na mtu aliyeanza jana. Katika sekunde ile moja, ujuzi wote wa mkongwe hauna thamani. Aliyeanza jana analijua hilo, au hata halijui, na anashikilia kifyatulio tu.

Wapo wanaosema kwamba marubani wa kweli wa zamani walikuwa waungwana na hawakufanya hivyo. Hapo ndugu zangu tusidanganyane. Oswald Boelcke, rubani Mjerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kanuni zake za mapambano mwaka 1916. Alisisitiza kwamba adui ashambuliwe kutoka nyuma. Lakini katika kanuni hizo hizo akasema: adui akikushukia kutoka juu, usijaribu kumkimbia, mgeukie ukamkabili. Yaani mwalimu wa kwanza kabisa wa fani hii alifundisha kukabili pua kwa pua, kama njia ya kujiokoa. (Boelcke mwenyewe hakufa kwa risasi. Tarehe 28 Oktoba 1916 aligongana na ndege ya mwenzake wa kikosi hicho hicho, wakiwa wote wanamkimbiza Mwingereza mmoja. Nitarudi kwenye kugongana.)

Vita vya pili ndivyo vilivyoifanya kuwa mbinu rasmi. Majira ya joto ya mwaka 1940, kikosi namba 111 cha Waingereza, chenye ndege za Hurricane, kilikuwa kikiyaingia makundi ya ndege za mabomu za Wajerumani uso kwa uso ili kuyatawanya. Tarehe 10 Julai mmoja wao aligongana na Dornier 17 akafa. Wajerumani nao wakajifunza. Tarehe 23 Novemba 1942, juu ya Saint-Nazaire, Ufaransa, Egon Mayer aliongoza shambulio la mbele dhidi ya ndege za mabomu za B-17 za Marekani, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba puani ulinzi wake ulikuwa hafifu kuliko mkiani. Wamarekani hawakulalamika kwamba Mayer hana adabu. Walichofanya ni kufunga turiti, yaani kibanda kinachozunguka, yenye bunduki mbili chini ya pua ya toleo jipya, B-17G. Hayo ndiyo malalamiko ninayoyapenda mimi.

Na John Thach, rubani wa jeshi la maji la Marekani, ndiye anayefaa kusikilizwa zaidi na vijana wanaopenda Wildcat, ndege aliyokuwa akiiruka. Alijua kwamba Zero ya Mjapani inapinda na kupanda kuliko ndege yake. Akakaa mezani nyumbani kwake usiku na njiti za kiberiti, akizipanga na kuzisogeza, mpaka akapata jibu: Wildcat mbili ziruke sambamba zikiachana nafasi, na Zero ikimfuata mmoja, wote wawili wapindiane kwa ndani. Anayefuatwa anapita mbele ya mwenzake akimvuta adui, na mwenzake anakutana na adui huyo ana kwa ana. Mbinu hiyo ilitumika vitani Midway tarehe 4 Juni 1942, na mpaka leo inabeba jina lake. Sasa niambieni, meno ya mbinu hiyo yako wapi? Yako kwenye risasi ya pua kwa pua. Ukiiondoa, zinabaki Wildcat mbili zinazocheza kiduku angani.

Basi hii adabu tunayodaiana imetoka wapi? Imetoka mazoezini. Marubani wa kivita wa Marekani wanapofanya mazoezi ya kupambana mmoja kwa mmoja, wana masharti makali. Hairuhusiwi kufanya shambulio la mizinga, hata la kuigiza, ukiwa mbele ya mwenzako, ndani ya nyuzi 45 kutoka puani mwake. Kila ndege ina kiputo cha futi 500, kama mita 150, ambacho mwenzake haruhusiwi kukiingia. Mkikutana uso kwa uso na haijaonekana nani anapita upande gani, kila mmoja anaenda kulia, mnapishana kushoto kwa kushoto. Ukiyasoma masharti hayo hutakuta neno heshima wala neno woga. Yamewekwa ili watu wasigongane wakafa kwa ajili ya zoezi.

Wachezaji wa DCS, ambao wengi wao wanapenda kufuata vitabu vya kijeshi mpaka kwenye matamshi ya redioni, waliyachukua masharti hayo wakayaingiza kwenye gemu. Huko kwenye gemu hakuna anayekufa. Lakini yakapata kazi nyingine, na kazi hiyo ni nzuri: yanahakikisha kwamba pambano linatokea. Mnapishana bila kupiga, kisha ndipo mnaanza kutafutana mikia, kila mmoja akitaka kuwa nyuma ya mwenzake. Mpirani kuna jambo kama hilo. Mchezaji akianguka ameumia, wapinzani wanautoa mpira nje, na ukirushwa wanarudishiwa. Hakuna sheria hata moja kati ya zile 17 inayowalazimisha. Ila asiyeurudisha, uwanja mzima unamzomea, na mimi namzomea pia.

Lakini angalieni: uwanja mzima unaijua desturi hiyo. Kwenye seva zetu sivyo. Kijana aliyetoka War Thunder, ambako wachezaji wanamwagwa pande mbili za ramani, wote wanapanda, na kukutana uso kwa uso ni jambo la kila mchezo, anaingia kwenye seva ya mapambano ya heshima, ambako watu hupishana kwanza bila kupiga, bila kuambiwa kitu. Anakutana na mtu, anapiga, anashinda, anafurahi. Dakika hiyo hiyo anaitwa majina. Mimi nimewahi kukaa nyuma ya kijana wa namna hiyo nikatazama kioo chake. Hakujibu kitu. Alisoma yale maneno mpaka mwisho, akaitoa gemu, na kwa kadiri ninavyojua hajarudi. Aliyemtukana alikuwa mchezaji hodari sana, na kwa mdomo wake tumepoteza rubani mmoja katika nchi ambayo wachezaji wa gemu hizi unaweza kuwapanga kwenye daladala moja na kondakta akadai bado kuna nafasi.

Sasa seva zenye kazi. Hapa nawazungumzia wale wa IL-2, mnaoruka kwenye vita vya wazi, kuna madaraja ya kuvunjwa na viwanja vya kulinda. Huko mimi sikubali kabisa malalamiko ya pua kwa pua. Mtu amepanda Bf 110, ndege nzito ya injini mbili. Haipindi, haipandi vizuri, na nyuma ana bunduki ndogo tu ya kujitetea. Mbele ana rundo la bunduki na mizinga. Ukimwambia asitumie pua yake, unamwambia afe kwa adabu. Vivyo hivyo Beaufighter, vivyo hivyo P-47 yenye bunduki nane na injini ya kupozwa kwa hewa inayovumilia kipigo. Wewe mwenye Spitfire, anga lote ni lako. Umeacha juu, umeacha chini, umeacha ubavuni, umekwenda kujipanga mbele ya zile bunduki nane. Hapo nani kamkosea nani?

Tena kuna hoja ambayo walalamikaji hawaipendi. Ili mtu akupige pua kwa pua, pua yako nawe lazima imtazame. Ukimtazama kwa muda wote ule, nia yako ilikuwa nini? Nimetazama rekodi nyingi za mapambano kama mwamuzi, na mara nyingi anayelalamika ndiye aliyetangulia kupiga, akakosa. Ila tutenge jambo moja hapa, maana linachanganya watu. Kama mwenzako amekatiza mbele yako, pua yake imeelekea pembeni, ukampiga kutoka upande wa mbele, hiyo siyo pua kwa pua. Yeye hakuwa na namna ya kukupiga. Hapo umelenga mbele ya mwendo wake ukapata, na huo ni ufundi. Usimwombe radhi.

Asiyetaka kupigwa pua kwa pua ana dawa, na dawa zenyewe si za siri. Usimwendee katikati. Ukiwa na kilomita mbili au tatu bado, jitenge kidogo pembeni na kidogo chini, ili akitaka kukulenga alazimike kuinamisha pua. Akizidi kuinamisha, anasukuma usukani mbele, damu inamjaa kichwani, kioo kinaanza kuwa chekundu, na kama ana Spitfire ya mwanzo yenye injini ya Merlin ya kabureta, injini inakohoa na kukatika kwa muda. Wakati yeye anahangaika na hayo, wewe umekwisha kuanza kupinda kabla hamjapishana. Mkipishana, tayari uko nusu ya safari kwenda mkiani kwake. Mimi nawapenda sana watu wanaopiga pua kwa pua ovyo. Ndio wanaonipa mikia yao bure.

Nilisema nitarudi kwenye kugongana, na hapa ndipo sisi wa huku tuna habari yetu. Seva nyingi tunazotumia ziko Ulaya. Mimi nikiwa Dar es Salaam na wewe Mombasa, ndege zetu zinapishana Ulaya kwanza ndipo zionane. Tuseme picha yako inanifikia imechelewa sekunde 0.2. Kwa mwendo wako wa mita 125 kwa sekunde, mahali ninapokuona na mahali ulipo kweli vimeachana mita 25. Hizo ni Spitfire mbili zimepangwa bawa kwa bawa, na nafasi inabaki. Kwenye kioo changu nimekwepa vizuri kabisa, nimepita pembeni. Kwenye kioo chako nimekuingia kifuani. Aces High iliamua kwamba ajali inamuumiza yule ambaye kioo chake kimeonyesha mgongano, na watu wakaishi wanalaumiana: "Umenigonga halafu wewe unaendelea kuruka!" Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja anasema alichokiona.

Kwa hiyo hili la kugongana nalipa uzito kuliko risasi zenyewe. Mwenye mtandao mbaya aseme mapema: "Leo naruka kwa bando la simu, nipeni nafasi." Si aibu. Na ukiambiwa hivyo, usiendelee kung'ang'ania mpaka mita 100 eti unampima moyo. Anayegonga kwa makusudi ili apate sare mahali alipokuwa anashindwa, huyo sina neno laini la kumpa. Jina lake waandaaji wanalo.

Mambo mengine nayapitia haraka. Aliyeruka kwa mwavuli haguswi, huo si mjadala. Aliyesema redioni kwamba injini yake imezimika katika pambano la urafiki anaachwa atue. Na ukipigwa vizuri, andika ile herufi S ya saluti. Wazee wa gemu hizi waliianza zamani ili mtu aliyeanguka aweze kumheshimu aliyemwangusha bila kuandika insha, na kidole kimoja kinatosha.

Sasa masharti ya leo, sikilizeni vizuri, maana baada ya hapa hakuna atakayesema hakuambiwa. Mnaanza kwa urefu wa mita 3,000, mkitazamana. Mpishano wa kwanza ni wa bila risasi, kushoto kwa kushoto. Mabawa yakishapitana, pambano limeanza. Kuanzia hapo, pua kwa pua inaruhusiwa. Najua wengine mlitaka ikatazwe mpaka mwisho. Tumejadiliana na waandaaji, na mimi ndiye niliyekataa. Ukiikataza moja kwa moja, mtu anayeshindwa atajifunza kugeuza pua yake kwako kila mara na kutembea hivyo, akijua huruhusiwi kumpiga. Katazo litakuwa ngao yake, na mwamuzi atashinda na rula kioo kizima akipima nyuzi.

Kuna swali nyuma pale. Dada anauliza: mwenzangu akivunja ahadi, akanipiga kwenye mpishano wa kwanza, nami bado naruka, nifanye nini?

Usirudishe risasi katika mpishano ule. Kwepa, pinda, endelea na pambano kama kawaida, sema tu redioni "amepiga" ili tuweke alama kwenye rekodi. Ukishinda, umeshinda. Ukishindwa, tunatazama rekodi, na kama ni kweli mnarudia, yeye akianza na pointi moja pungufu. Lakini ukirudisha palepale, rekodi itaonyesha mitutu miwili inawaka, na hakuna mwamuzi hapa atakayekaa kutafuta nani alimtangulia mwenzake kwa sehemu ya sekunde, maana kwa mtandao huu sehemu hiyo ya sekunde haina shahidi. Wote wawili mtahesabiwa mmepoteza.

Hilo linatosha. Jozi ya kwanza kaeni kwenye mashine zenu, na tafadhali mmoja akazime pasi huko nyuma, umeme wa ukumbi huu ni wa kubembeleza.